Dawa za mimea kwa samaki wa kufugwa zipimwe

Dawa za mimea dhidi ya vimelea vya samaki wa kufugwa zipimwe rasmi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge nchini Burundi, kabla ufugaji haujapanuka.

Perege wakisongamana bwawani, minyoo midogo hujishikiza kwa kulabu kwenye matamvua yao. Samaki hupumua kwa shida, hujisugua ukingoni, hukonda na kufa.

Formalini, dawa iliyozoeleka, hupunguza oksijeni majini, na mvuke wake unaweza kumletea mfugaji saratani. Kitunguu saumu na mwarobaini vimepunguza vimelea katika majaribio ya maabara. Lakini mwarobaini ukizidi huua samaki wenyewe. Kukisia kwa konzi hakufai.

Tena, maji ya mabwawa huishia ziwani, kwenye spishi nyingi za samaki zisizopatikana kwingine duniani. Sumu au vimelea vikifika huko, havirudishwi.

Wenye dhamana watenge mabwawa ya majaribio, wapime kila dawa, kisha wawafikishie wafugaji vipimo sahihi kwa Kirundi na Kiswahili. Wafanye hivyo sasa, samaki wangali hai.