Ushahidi wa Karani

Katika bonde la Coalbrookdale, magharibi ya Uingereza, ambako Abraham Darby alikodi tanuri bovu mwaka 1708 na baada ya miezi michache akafaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza hata yakatoka kiberiti, badala ya makaa ya miti waliyoyazoea wenziwe, zimesalimika daftari za hesabu ambazo, kwa rai yangu, zina thamani kupita kila sanamu iwezayo kusimamishwa kwa jina lake.

Kwani wanazuoni walihitilafiana muda mrefu juu ya jambo hilo, na wako waliosema halikutukia mpaka miaka ya 1730, sifa wakamvika mwanawe. Na barua mashuhuri ya Abiah, mke wa mwana huyo, iliandikwa miaka ipatayo 70 baada ya kisa, na kumbukumbu za ukoo, kama tujuavyo tuliokaa na wazee barazani, huwapendelea marehemu. Mwanahistoria T. S. Ashton ndiye aliyezisoma daftari zile, na mwaka 1924 akabainisha kwamba mapema mwaka 1709 palilipwa ujira wa kuoka makaa ya mawe: mstari mmoja wa shilingi na peni, alioutia karani asiyeshughulika na historia ila hesabu yake ipate kulingana, ukakata shauri.

Hata mstari huo unataka msomaji mwangalifu, maana mpaka mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Januari tuiitayo ya 1709 ilihesabiwa bado katika 1708. Asiyelijua hilo atamwona Darby akiyeyusha chuma kabla hajakodi tanuri. Tena katika daftari hizo hizo twafahamu kwa nini wengine hawakumfuata upesi, kwani biashara yake ilikuwa vyungu vyembamba vya kupikia, alivyovipatia hati mwaka 1707 ya kuvisubu katika kalibu za mchanga, na chuma kile kilitiririka vyema katika kalibu, lakini wahunzi wa nyundo hawakukiridhia.

Nasi huku, kiwanda kinapofungwa, mitambo hupigwa mnada kwa makini, na daftari huuzwa kwa kilo zikafungiwe karanga. Nadhani sheria ingemlazimu mwenye mali, kabla dalali hajaitwa, awakaribishe watu wa Idara ya Nyaraka wachague wazitakazo. Na ikiwa nafasi ya rafuni ni finyu, zitangulie daftari za mishahara, kwani faida ya tajiri hupatikana hata katika taarifa za benki, lakini mfua chuma aliyelipwa kwa juma pengine jina lake halikuandikwa mahali pengine popote.