Mzee wa Miaka Kumi na Minane

Umewaona. Ni wawili kila mara, mashati meupe yamepigwa pasi, tai shingoni, beji nyeusi kifuani, wanakata mtaa kwa miguu saa nane mchana wakati hata watu wa bodaboda wamejificha kivulini. Unapunguza sauti ya redio na kumtuma mtoto mlangoni aseme hakuna mtu. Jioni unawacheka na wasee wako: ati wale Wamormoni walipita tena, na yule mrefu anaongea Kiswahili sanifu kutushinda sisi wenyewe.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sawa. Lakini hawakusema kwamba aliyemtuma asiulizwe, na hapo ndipo naona kicheko chetu kinakosea njia. Kama kuna kichekesho, kiko Salt Lake City, kimevaa suti na kina mvi.

Tuanze na hiyo beji. Imeandikwa Elder, kisha jina la ukoo. Kwenye machapisho ya kanisa lao kwa Kiswahili, cheo hicho ni Mzee. Mzee! Hapa kwetu mzee ni mtu aliyezika watu, aliyelipa mahari, anayeitwa kuamua kesi ya mpaka wa shamba. Huyu ana miaka 18. Jina alilopewa na mamake ameliacha nyumbani, na kwa miaka miwili hata anayelala naye chumba kimoja atamwita kwa cheo.

Hadi Oktoba 2012 mvulana alisubiri afikishe 19 na msichana 21. Rais wa kanisa wakati huo, Thomas S. Monson, akashusha hadi 18 na 19. (Kanisa lenyewe linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 limesisitiza lisiitwe la Wamormoni. Nimelitaja mara moja kwa heshima, imetosha.) Ona vizuri huo umri. Mtoto anamaliza shule ya upili na kabla hajaishi hata muhula mmoja peke yake, kabla hajakutana na mhadhiri wa kumtia wasiwasi, tayari yuko kwenye ndege. Umri ulishushwa hadi pale pale ambapo shaka huanzia.

Hachagui aendako. Barua inakuja na jina la rais wa kanisa: Brazili, Ufilipino, Kenya. Wavulana huenda miaka miwili, wasichana miezi 18, na kwa mvulana jambo hili huhesabiwa kuwa wajibu. Akifika anapewa mwenzi ambaye pia hakumchagua. Wanakula pamoja, wanatembea pamoja, wanalala chumba kimoja, na kanuni inataka wasiachane. Nafasi ya kuwa peke yako ni bafuni. Kwa kawaida saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko macho, saa nne na nusu usiku taa imezimwa. Hakuna mpenzi. Hakuna kuogelea, hata kama ametumwa mji wenye bahari. Simu anapewa siku hizi, lakini ni simu ya kazi.

Na hadi Februari 2019 alikuwa anazungumza na wazazi wake mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Siku nyingine aliandika barua, au baruapepe mara moja kwa wiki. Kuna wafungwa wanaosikia sauti za mama zao kuliko hapo. Kanuni ikabadilishwa, sasa ni kila wiki, na watu wakawasifu viongozi kwa huruma. Huruma gani? Kama kila wiki hakuharibu kazi ya Mungu leo, hakungeiharibu 1995. Akina mama wa miaka hiyo yote nani atawarudishia zile simu?

Sasa mfikirie huyo mtoto ndani ya nyumba moja Kayole. Mwenye nyumba ni mama wa watu, amefurahi kupata mgeni, ametoa vikombe vile vya wageni, chai ya maziwa inatoka jikoni inanukia tangawizi. Na mgeni anasema hapana, asante. Dini yake inakataza chai na kahawa, kama inavyokataza pombe na sigara. Mama hasikii kanuni, anasikia dharau. Kwetu ukikataa chai umekataa nyumba. Basi kijana anaanza kujieleza kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu, uso umekuwa mwekundu, mwenzi wake anatazama zulia, na mama, kwa sababu ni mama, anarudi jikoni kumtafutia maji. Hakuna aliyekosa hapo. Lakini anayebeba aibu ni mtoto wa watu, kwa kanuni aliyoikuta, katika nchi ambayo hakuichagua.

Ukiiangalia misheni kama njia ya kuvuna waumini, hesabu haieleweki. Milango mingi hufungwa. Kuna nchi za Ulaya ambako kijana anaweza kumaliza miaka yake miwili akiwa amebatiza watu wachache mno. Kwa nini basi waendelee kutuma vijana zaidi ya 70,000 duniani kote? Kwa sababu anayeongolewa ni yeye. Kila mlango ukifungwa anabaki na wawili tu wa kukimbilia, mwenzi wake na Mungu wake. Kila siku anatamka kwa mdomo wake kwamba Kitabu cha Mormoni ni cha kweli, na masikio yanayoisikia kauli hiyo mara nyingi zaidi ni yake mwenyewe. Si siri hata. Wenyewe husema kwa fahari kwamba mwongofu wa kwanza wa misheni ni mmisionari.

Sasa uliza nani analipa. Hii ndiyo inaniuma zaidi. Kijana wa Marekani, au familia yake, huchangia gharama za misheni yake mwenyewe. Tangu Julai 2020 kiwango ni dola 500 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 60,000 za hapa. Kwa miezi 24 hizo ni dola 12,000. Wako wanaoweka akiba tangu wakiwa wadogo, kwa kufyeka nyasi za majirani. Wakati huohuo, Februari 2023, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani walilipiga kanisa na kampuni yake ya uwekezaji faini ya jumla ya dola milioni 5, kwa kutumia kampuni za majina tu ili umma usijue ukubwa wa hisa zake. Hisa hizo zilikuwa zimefika karibu dola bilioni 32 kufikia 2018. Bilioni. Kanisa lilisema linajutia makosa yaliyofanyika na kwamba kwa upande wake suala hilo limekwisha. Na mtoto aliyefyeka nyasi anaendelea kulipa.

Kisha wanamtuma huyo huyo Nairobi ajibu maswali. Hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hili, ukuhani ambao mvulana mweupe wa miaka 12 alipewa bila shida. Nigeria na Ghana kulikuwa na watu waliokuwa wakiandika barua kuomba wamisionari miaka mingi kabla ya hapo, wakawekwa. Ni kweli mambo yamebadilika: 2009 Mkenya, Joseph Sitati, aliitwa kuwa mmoja wa viongozi wakuu, na Nairobi sasa ina hekalu lililowekwa wakfu 2025. Lakini mtu wa Umoja akiuliza kuhusu 1978, anayesimama mlangoni kutoa jasho ni kijana aliyezaliwa karibu miaka thelathini baadaye. Waliokuwa na majibu wamekaa ofisini.

Najua utetezi. Wanajifunza lugha, nidhamu, wanaiona dunia. Watakutajia Mitt Romney, aliyekuwa mmisionari Ufaransa kuanzia 1966, akiwahubiria watu wa divai dini isiyo na divai, na akaja kuwania urais. Haya, lakini huyo ni mtoto wa gavana, na angefika mbali hata kama angekaa Ufaransa akiuza mikate. Lugha wanajifunza, nakubali, na nidhamu pia. Jeshi nalo hufundisha, na jeshi hulipa mshahara.

Mizani yangu ni huyu anayeshindwa. Anayeamka mwezi wa saba na hawezi kutoka kitandani, au ambaye hiyo imani imemwisha tu, taratibu, kama sabuni. Anarudi nyumbani kabla ya muda, na kanisani jirani zake wanahesabu miezi kwa vidole. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nayajua macho ya jirani anayeuliza unafunga shule lini, na najua pia kwamba hakuna aliyewahi kuniambia nimemwangusha Mungu. Huyo mwenzangu hubebeshwa vyote viwili, na wanaompokea mara nyingi ni watu wanaompenda kweli, hawajui tu waseme nini.

Tusidhani pia hii ni habari ya wazungu peke yao. Wakenya nao huitwa, hupelekwa nchi nyingine za Afrika na mbali zaidi. Hapa watu huchangia kadiri ya uwezo na mfuko wa kanisa hujazia, na kwa kijana aliyekaa bila kazi tangu KCSE, pasipoti na tiketi ya ndege si kitu cha kudharau. Simlaumu hata kidogo. Lakini wa Utah akimaliza anarudi kwenye chuo cha kanisa chenye karo nafuu na mjomba mwenye kampuni. Wa Kawangware anarudi Kawangware na mashati meupe yaliyochakaa kola. Kwa watu kama yeye kanisa lilianzisha mfuko wa elimu mwaka 2001, na mfuko huo hutoa mkopo. Mkopo, wa kurudishwa. Mtu ametoa miaka miwili ya ujana wake bila mshahara kwa shirika lenye mabilioni, amerudi, na sasa anadaiwa. Naomba mtu anieleze hiyo hesabu, na aje mwenyewe kutoka Salt Lake City, asimtume mtoto wa miaka 18.