Kidole na Namba

Mwaka 2016 nilihukumiwa kifo na kidole kimoja na tarakimu mbili. Kidole kilikuta tezi dume yangu ina gumu kama kokwa. Kipimo cha damu, kile cha PSA, kikatoa 11, na kiwango wanachokitumia wengi ni 4. Hata sijafunga mkanda vizuri, daktari akasema: "Mzee, hii ni saratani. Tutakutoa korodani, maana homoni zake ndizo zinazoilisha." Mke wangu alilia njia nzima. Mimi nilikuwa nagawa mashamba kichwani.

Sikatai kwamba saratani hiyo ipo. Imemchukua kaka yangu. Nisemalo ni kwamba PSA si kipimo cha saratani. Ni protini itengenezwayo na tezi yenyewe, nayo huongezeka katika damu tezi ikipanuka kwa uzee, ikishambuliwa na vijidudu, hata mkojo ukifunga. Tena upo uvimbe ambao chembe za ulinzi wa mwili hujikusanya mafungu mafungu ndani ya tezi, ikawa ngumu kama jiwe, na kidole hakiwezi kuutofautisha na saratani. Kifua kikuu huweza kuuleta, nacho kwetu si mgeni; mara nyingi chanzo hakionekani. Mwamuzi ni kinyama kilichotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini.

Mbona changu hakikutolewa? "Majibu huchelewa," niliambiwa. Lo! Hata dume la ng'ombe tunalifikiria mara mbili kabla ya kulihasi, sembuse babu wa watu! Na sisi wanaume tuna lawama yetu: tukishapitiwa na aibu ya kile kidole, hatuna nguvu ya kuuliza swali la pili.

Aliyeuliza ni mdogo wangu, fundi cherehani. "Dokta, nyama mmeitazama?" Haikutazamwa. Tukaenda kwingine, nikachomwa sindano kumi na mbili, tukangoja wiki tano. Majibu: uvimbe tu, hakuna saratani, hakuna kifua kikuu. Baada ya miezi minane PSA ilishuka hadi 3.

Nilirudi kwa yule daktari na karatasi yangu. Aliisoma, akasema nina bahati. Bahati! Nilimwomba afute neno alilokwisha kuliandika kwenye cheti changu. Akasema faili haifutwi. Mpaka leo limo humo.