Makande siyo adhabu!

Jana mchana nilikuwa kwa mama ntilie hapa Dodoma mjini, nikaagiza makande. Jamaa niliyesoma naye chuo akaangua kicheko: "Vipi mwanangu, umerudi bweni?" Yeye alikuwa na chipsi mayai na soda. Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Hivi jamani, nani alituambia makande ni adhabu?

Najua jibu. Hata mimi nimekaa bweni. Miaka minne tulikula makande yasiyo na kitunguu wala mafuta, maharage yametobolewa na wadudu. Lakini hilo lilikuwa kosa la jiko na bajeti, siyo la makande.

Sasa sikilizeni, wasomi wenzangu. Mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, mahindi yanajaziliza. Yakiingia chungu kimoja unapata protini bora kuliko ya kila kimoja peke yake. Bibi zetu hawakusoma baiolojia, lakini hesabu hii waliipata. Hapa Ugogo, mvua ikiwa chache na ya kubahatisha, waliifanya kwa mtama na uwele, wakaongeza kunde na njugu mawe.

Wamexico nao wana tamales: unga wa mahindi, wakati mwingine na maharage ndani, unafungwa kwenye maganda ya muhindi na kupikwa kwa mvuke. Wanaona aibu? Thubutu! Mwaka 2010 UNESCO iliingiza mapishi yao ya asili kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sisi ya kwetu tunayatania.

Na utani huu una gharama. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sisemi makande pekee yatawaponya; wanahitaji pia mboga, matunda, maziwa na maji safi. Lakini tukiendelea kuyaita maharage na kunde chakula cha maskini, mama gani atajivunia kumpa mwanawe? Atampa uji mtupu wa sembe nyeupe, maana ndiyo "ya kisasa".

Kwa hiyo mdau, kesho agiza makande. Yakiwa mabaya, lalamika yapikwe vizuri: maharage yalowekwe usiku, nazi au karanga ziwemo. Usicheke tu.

Naomba kutoa hoja.