Tupewe Jumamosi Moja Tutembee

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo tumekuwa tukilizungumza bwenini kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hili: sisi wanafunzi wa bweni tupewe Jumamosi moja katika kila mwezi, tutoke pamoja na mwalimu, tufuate vijia vya miguu vipitavyo katika misitu, mabonde na vinamasi vya nchi hii ya Buha. Hivi sasa hatutoki. Jumamosi tunafua, tunafyeka majani, kisha tunarudi darasani kusoma habari za mito ya Ulaya na Marekani, na huku chini ya uzio wetu pana kijito ambacho wengi wetu hawajui kinakwenda wapi.

Kinakwenda Malagarasi. Vijito vingi vya Kasulu na Kibondo mwisho wake ni huko, na mto huo una safari ya ajabu. Huanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, hufuata mpaka baina ya nchi zetu mbili kuelekea kaskazini mashariki, halafu huingia kwetu na kushuka kusini hata kwenye vinamasi unakokutana na Moyowosi. Toka hapo hugeuka magharibi, hupita Uvinza, na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika karibu na Ilagala. Yaani hutuzunguka kama mgeni azungukaye nyumba akitafuta mlango. Vinamasi hivyo pamoja na nchi ivizungukayo viliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, navyo vilikuwa vya kwanza kuandikwa katika Tanzania. Humo yumo nzohe, mnyama mwenye kwato ndefu zimsaidiazo kukanyaga matope, na yumo yule ndege mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu. Watu hutoka ng'ambo kuja kumtazama. Mimi nimemwona katika picha tu.

Pana wenzetu wasemao kwamba vijia ni vya wachunga mbuzi, na mtu aliyesoma hupita barabarani. Maneno haya si ya kweli. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wamepika chumvi Uvinza, na chumvi hiyo ilitembea vichwani mwa watu kwa vijia hivi hivi. Wakati wa ukoloni babu zetu waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge walianza safari kwa miguu. Hata Stanley, mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita Uha usiku kwa kunyemelea ili asitozwe hongo zaidi na wakuu wa nchi. Jambo hilo kalieleza mwenyewe katika kitabu chake. (Sijui kwa nini hatulisomi darasani, lingetuchekesha.) Na msitu nao una habari zake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Kasulu na Kibondo kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya malale. Basi uonapo miombo mikubwa, usidhani kwamba daima palikuwa pori. Pengine umesimama katika shamba la mtu.

Tena tusisahau kwamba katika mkoa wetu huu wa Kigoma, mwaka 1960, alifika Gombe msichana wa miaka 26, Jane Goodall, ambaye wakati huo hakuwa na shahada yo yote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda na kushuka mabonde, kukaa kimya na kutazama. Mwaka huo huo aliwaona sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti, na wataalamu wa dunia wakalazimika kufikiri upya, maana walikuwa wakisema kwamba kutengeneza vyombo ni kazi ya binadamu peke yake.

Lakini sababu yangu kubwa si sokwe wala Stanley. Ni mita 60.

Sote tumefundishwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tuliandika katika daftari, tukajibu katika mtihani, tukapata alama. Likizo ya Juni iliyopita, nilipokuwa nyumbani Kibondo, nilikwenda bondeni nikazipima kwa hatua toka ukingo wa kijito. Nilihesabu hatua kama themanini. Nilivipita vituta vyote vya maharage ya mama, nikavipita vya jirani, nikafika chini ya migomba kwenye mteremko. Bonde letu ni jembamba. Ukitoa mita 60 upande huu na 60 upande ule, bonde limekwisha. Na maharage hayo ya kiangazi ndiyo yaniwekayo shuleni. Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016, lakini sabuni, madaftari na nauli havikuondolewa.

Siku hiyo hiyo niliona na jambo la pili. Mafunjo yaliyokuwa yakijaa pale nilipokuwa mdogo yamefyekwa karibu yote, na mikaratusi imepandwa mpaka kwenye ukingo wa maji. Mama asema kisima chetu, ambacho zamani hakikukauka, sasa hukauka mwezi wa Septemba. Kwa hiyo sheria si adui, wala mama si mharibifu. Maoni yangu ni kwamba ianze kuondolewa mikaratusi, kwa kuwa inakunywa maji mengi na mwenye nayo haivuni kila mwaka. Kisha mafunjo yaachwe yarudi kando ya maji. Na wenye vituta waambiwe mapema, kabla ya kupanda, si baada ya maharage kutoa maua. Mwenzangu mmoja wa Kasulu hakubaliani nami hata kidogo. Yeye asema mita 60 ni mita 60. Vema, lakini naye hajapata kuzipima. Baada ya miaka michache baadhi yetu watakuwa mabwana shamba, maofisa misitu na wenyeviti wa vijiji, nao watatumwa kuweka alama katika mabonde ya watu. Napenda wawe wamekwisha kuingia bondeni na kupata matope miguuni.

Najua yatakayosemwa. Wazazi watahofia nyoka na usalama wetu, nao wana haki. Walimu watauliza juu ya mtihani wa taifa. Lakini usomaji wa ramani umo katika mtihani huo huo, na ramani husomeka vizuri zaidi ukiwa umesimama juu ya kilima ilichokichora. Hatuombi kwenda Moyowosi, ambako ni mbali na kwahitaji vibali. Twaomba vikundi vya watu kumi na watano, wavulana na wasichana, mwalimu mmoja na mwenyeji mmoja, kutoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa, wazazi wakiwa wametia sahihi. Tukitaka kuingia msitu wa hifadhi, barua itangulie kwa watu wa misitu.

Mwenyeji tumekwisha kumpata. Ni mzee mmoja mrina asali, jirani wa shule, ambaye ameahidi kutuonyesha kwa nini mzinga wa gome huua mti na mzinga wa mbao hauui, na kutufundisha uyoga wa kula na usioliwa mvua zikianza. Hataki malipo. Ametoa masharti mawili tu: twende kabla mioto ya kiangazi haijaanza, na asiwepo mtu aliyevaa nguo nyeusi karibu na mizinga, maana nyuki hawazipendi. Sare zetu, kama Mkuu wa Shule ajuavyo, ni nyeusi. Basi hapo tunaomba ruhusa mbili kwa pamoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne