Tairi Nalo Lina Umri Wake

Muuguzi hampi mgonjwa dawa kabla ya kutazama tarehe ya kuisha muda wake. Mgonjwa huyo akipewa rufaa kutoka Kyela kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 100, ni nadra mtu kuuliza umri wa matairi yatakayombeba.

Umri huo umeandikwa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, mna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona, tazama ubavu wa pili.

Wengi huamini kuwa tairi lenye kashata ni zima. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa: joto na oksijeni huukausha, na mshikamano wake na nyaya za chuma zilizo ndani hulegea. Gari likishika kasi, tabaka la juu huweza kubanduka ghafla. Mwambao wa ziwa, kutoka Matema hadi Itungi, una joto jingi; mteremko wa Tukuyu huchemsha breki na magurudumu; shehena ya mpunga au kokoa na upepo pungufu huzidisha hatari.

Gari likipinduka, huumia kichwa, shingo na uti wa mgongo, majeraha ambayo mara nyingi hayarudishiki. Katika gari la wagonjwa, mhudumu aliyeketi nyuma bila mkanda huwa majeruhi wa pili.

Itasemwa kuwa tairi jipya ni ghali na la mtumba ni ahueni. Ni kweli, lakini bei ndogo haipunguzi umri. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6, na watengenezaji kadhaa wa matairi huweka ukomo wa miaka 10, hata kashata ikiwa nzima. Tairi la akiba nalo lihesabiwe, kwani huzeeka bila kugusa barabara.

Kwa hiyo, fomu ya ukaguzi wa gari la wagonjwa iongezwe mstari mmoja: tarehe ya kila tairi. Nao ndugu wanaokodi gari la kumpeleka mgonjwa wainame wasome tarakimu hizo kabla ya kulipa nauli. Kusoma hakugharimu hata shilingi moja.