KITI CHA MKUU WA MISITU

Kinapotajwa kiti cha Mkuu wa Wakala wa Huduma za Misitu, watu wa mjini huulizana mambo matatu: ni mtu wa wapi, ana shahada ngapi, na ni nani aliyempendekeza. Maswali hayo yana utamu wake barazani, wala hatusemi kwamba sisi wenyewe hatujapata kuyauliza. Lakini hakuna hata moja linalougusa msitu. Sisi twauliza neno jingine: huyo atakayekikalia kiti hicho, mwisho wa mwaka atapimwa kwa kitu gani?

Yatupasa kwanza kukumbushana Wakala huu ulitoka wapi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, ndugu zetu wa Lindi na Mtwara walifunguliwa njia waliyoingojea miaka mingi, na jambo hilo lilikuwa la heri. Ila magogo nayo yaliiona njia hiyo. Mininga, mikongo na mipingo ikaanguka, na malori yakapita mchana na usiku. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2007 ilieleza kwamba katika ngazi ya wilaya hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kutozwa yalipotea. Maana yake ni kwamba pale palipozidi ubaya, katika kila shilingi 100 za umma zilifika 4 tu. Zile nyingine zilijenga nyumba za watu, na baadhi ya nyumba hizo zasimama hata leo.

Basi mwaka 2010 Serikali iliunda Wakala. Idara ya Misitu na Nyuki ikabakiwa na sera na sheria, nao Wakala ukapewa kazi ya kupanda, kulinda, kutoa vibali vya kuvuna na kukusanya maduhuli. Nia ilikuwa njema, nasi twaiunga mkono.

Lakini tusidanganyane. Wakala hujiendesha kwa sehemu kubwa kwa kile unachokikusanya, na kinachokusanywa hutoka zaidi katika miti iliyokwisha kuangushwa: magogo, mbao, nguzo na mkaa. Mlinzi yule yule wa mti ndiye anayepata ujira mti unapokatwa. Hatusemi kwamba watumishi wake ni wezi. Tunawafahamu wengi walio waaminifu, walalao porini na mbu ili gogo moja lisipite. Twasema kwamba mtu yeyote, hata mcha Mungu, akipimwa kwa fedha atatafuta fedha. Mkuu akisimama mbele ya Waziri na kusema maduhuli yamepanda, atapigiwa makofi. Je, ni nani katika ukumbi huo atakayemwuliza miti mingapi imebaki?

Swali hilo lina uzito wake. Tathmini ya misitu ya Taifa iliyotolewa mwaka 2015 ilihesabu hekta milioni 48 za misitu katika Tanzania Bara, kupita nusu ya ardhi yote. Tathmini ile ile ilikadiria kwamba tunapoteza zaidi ya hekta 372,000 kila mwaka, na hesabu iliyofanywa baadaye ikaongeza mpaka zaidi ya 469,000. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa kwa tarakimu. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikawia, mto Ruvu ukapungua, na maji yakagawiwa kwa zamu. Tuliwaona kina mama wakipanga ndoo tangu alfajiri. Maji hayo chimbuko lake kubwa ni milima ya Uluguru, na msitu wa mlimani ndio unaoyashika mvua inapokoma. Kazi hiyo ya msitu haimo katika kitabu cha maduhuli, maana msitu hautoi stakabadhi.

Hapo twakumbuka bustani ya shule tuliyosomeshwa na mapadri. Kila mwanafunzi alipewa miche ya kupanda mvua zilipoanza, na siku ile kulikuwa na nyimbo na shangwe. Padri msimamizi hakuandika neno lolote siku hiyo. Alikuja na daftari lake mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, akahesabu miche iliyo hai, na alama zetu zikatoka katika hesabu hiyo. Tulimwona mkali mno. Leo, tukisoma habari za mamilioni ya miti iliyopandwa katika sherehe, twatamani padri yule na daftari lake wangepita nyuma ya sherehe hizo.

Tena kuna vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji haki ya kutenga msitu katika ardhi yao, kuulinda, kuuvuna kwa mpango, na kubaki na mapato yake. Wako waliodhani kwamba wanakijiji watafyeka vyote kwa mwaka mmoja. Wilayani Kilwa mambo yalikwenda kinyume: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, kikiwa cha kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi. Lakini tazameni hesabu inavyokaa. Kijiji kinapouza mbao zake, fedha hubaki kijijini, na daftari la Wakala halipati kitu. Kwa Mkuu anayepimwa kwa maduhuli, msitu wa kijiji ni hasara, hata kama umesimama imara kuliko hifadhi ya Serikali iliyo jirani. Kanuni za uvunaji za mwaka 2019 ziliwabana wanavijiji hao, nasi tulisikia malalamiko yao. Mkuu mpya awe mtu ambaye malalamiko ya namna hiyo yatamfikia kabla ya kanuni kupigwa mhuri.

Neno hili lazidi uzito kwa kuwa siku hizi watumishi wa Wakala ni jeshi usu, wana vyeo na silaha. Jangili hastahili kupokelewa kwa maua. Lakini mama anayetoka na mzigo wa kuni kichwani si jangili, na anayeamrisha watu wenye bunduki yampasa ajue tofauti hiyo bila kusoma mwongozo.

Wapo wanaotaka mtaalamu wa mashamba ya miti, mtu wa Sao Hill na misindano yake. Elimu hiyo ina faida kubwa, maana mbao za shambani huokoa mbao za porini. Ila miombo si shamba. Misindano hukatwa na kupandwa tena, na mtu wa makamo aweza kuvuna alichopanda. Mpingo huchukua muda mrefu kuliko huo kwa mbali kabla ya kufaa kuchongwa.

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wameacha kuni na mkaa. Twautakia heri. Lakini mkaa ukipungua, ushuru wa mkaa nao utapungua, na kwa Wakala hilo ni pengo katika mfuko. Basi kila anayefikiriwa kwa kiti hiki aulizwe waziwazi: gunia la mwisho la mkaa likishapita kizuizini, mishahara ya walinzi wa misitu italipwa na nini? Na kabla jina lake halijatangazwa, jibu lake lichapishwe magazetini, wananchi wa Kilwa na wa Uluguru wapate kulisoma.